Muulize Bibi wa Vitabu: Barua za Percy Jackson

Toleo lililopita nilikigusia kwa mistari miwili tu kitabu cha Percy Jackson, na barua zimemiminika. Basi safu yote ya mwezi huu ni yake.

Kwa ambao hamjakisoma: ni riwaya ya watoto, jina lake The Lightning Thief, ya Mmarekani Rick Riordan, iliyotoka mwaka 2005. Percy ana miaka 12, anaishi New York na mama yake na baba wa kambo asiyefaa kitu, na shule zinamfukuza moja baada ya nyingine. Siku moja darasa lao limekwenda kutembelea jumba la makumbusho, mwalimu wake wa hesabu anaota mbawa na makucha, anamrukia. Hapo ndipo Percy anapoanza kujua kwamba baba yake halisi ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, kwamba radi ya Zeus, mfalme wa miungu hao, imeibwa, na kwamba mshukiwa ni yeye. Isiporudi kufikia tarehe 21 Juni, miungu wataingia vitani wao kwa wao.

*

*Bibi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano katika shule inayofundisha kwa Kiingereza. Kusoma kwake ni vita. Herufi zinamchanganya, anabahatisha maneno, na mwalimu amemwandikia kwenye ripoti kuwa ni mvivu. Mjomba wake aliyeko Marekani amemletea hicho kitabu, kurasa karibu 400. Alikifungua mara moja akakifunga. Nimlazimishe?*
Mama, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usimlazimishe. Msomee wewe.

Nakuambia hivyo kwa sababu hadithi hiyo ilianza kwa kusimuliwa, si kwa kuandikwa. Riordan alikuwa mwalimu wa Kiingereza na historia, akifundisha watoto wa rika la mwanao na waliomzidi kidogo. Mwanawe mwenyewe, alipokuwa darasa la pili, kusoma kulimshinda. Akagundulika kuwa na disleksia, pamoja na ile hali ya kutotulia ambayo madaktari huiita ADHD. Kilichomvutia shuleni ni hekaya za Wagiriki. Baba akawa anamsimulia kila anapokwenda kulala, mpaka hekaya zote anazozijua zikaisha. Mtoto akamwambia, basi tunga mpya. Baba akatunga, ikamchukua siku tatu kuimaliza, na shujaa wake akampa matatizo yaleyale ya mwanawe. Mtoto ndiye aliyemwambia aiandike iwe kitabu.

Ndiyo maana Percy naye herufi zinamchezea machoni. Huko kambini wanakofunzwa watoto wa miungu anaambiwa kwamba akili yake imeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na kwamba kutotulia kwake darasani ni wepesi wa mtu wa vita. Hayo ni ya hadithini. Lakini mtoto aliyeandikiwa "mvivu" kwenye ripoti anastahili kukutana na shujaa anayesoma kwa shida kama yeye na bado hadithi nzima inamtegemea.

Sasa tuje kwenye maisha. Disleksia si uvivu, si upungufu wa akili, wala si macho mabovu. Ni ubongo kupata tabu ya kuunganisha sauti na herufi zake, na mara nyingi ni jambo la ukoo, hivyo uliza kama baba yake au shangazi zake walipata shida hiyo. Kiswahili humhurumia mtoto wa namna hii kwa sababu tunaandika tunavyotamka. Kiingereza hakimhurumii, maana herufi zilezile hapa zinasomeka hivi, pale vile. Mpe aya ya Kiswahili ya darasa la tatu aisome kwa sauti. Akiteleza nayo vizuri, huenda shida kubwa ni lugha ya shuleni, ingawa hilo peke yake halitoshi kukutoa wasiwasi. Akikwama huko nako, akawa anaona herufi ya kwanza na kubuni neno lililobaki, apimwe macho na masikio kwanza, halafu mwone afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Na yule mwalimu nenda ukazungumze naye kwa heshima, lakini nenda. Nimefanya kazi maktaba ya shule maisha yangu yote ya utumishi. Mtoto mvivu hatoki jasho kwa ukurasa mmoja. Wako anatoka.

Namna ya kumsomea: ukurasa mmoja kwa Kiingereza, taratibu, kidole chake kikifuata mstari, kisha laza kitabu pajani umsimulie kwa Kiswahili kilichotokea, kwa mbwembwe zako zote. Mkifika penye utamu, simama hapo hapo, sema umechoka, na uache kitabu mahali anapokifikia.

Hapa Tanga niliwasomea wajukuu zangu hivyo barazani, umeme ukiwa umekatika, kwa taa ya chemli. Tukafika sura ya 11. Percy na wenzake wawili wamepotea usiku katika misitu ya New Jersey, wana njaa, wanafuata harufu ya baga mpaka kwenye duka la sanamu za bustani. Kibao cha duka kina maandishi ya taa nyekundu, na Percy hawezi kuyasoma. Mwandishi ameyachapa kama alivyoyaona yeye, herufi zimeparaganyika. Niliwageuzia kitabu waone. Mjukuu wangu wa kati, ambaye kusoma kwake ni kama kwa mwanao, alikivuta karibu na taa, akakikodolea macho, akasema kwa sauti, "Bibi, hata mimi huwa naona hivi!" Wengine wakanyamaza wakimtazama. Nikaendelea. Mama mwenye duka kajifunika gubigubi, uso hauonekani, anawaandalia chakula bure, anawasifia, anataka kuwapiga picha. Sanamu zote dukani zina nyuso za hofu. Percy bado anatafuna. Mdogo wao wa mwisho akanishika mkono: "Bibi, hizo si sanamu. Ni watu."

Tangu usiku ule sikuwaita tena barazani. Wao ndio waliokuja kuniita.

*

*Assalaam aleikum Bibi. Watoto wangu jioni huenda chuoni. Nimekuta binti yangu anasoma kitabu hicho chenye miungu kumi na miwili, na mtoto wa mungu ndani yake. Hii si shirki? Nikitoe nyumbani?*
Baba, Mombasa

Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako ni la mzazi anayelinda nyumba yake, na wa kuamua ni wewe. Nitakueleza kilichomo.

Katika sura ya tano Percy anauliza swali hilohilo lako. Mwalimu wake, Chiron, anatenganisha waziwazi: Mungu Mwenyewe ni jambo jingine kabisa, la juu, na hilo hawaligusi, wanaozungumziwa ni viumbe wakubwa wanaotawala bahari, radi, mavuno na kadhalika. Na viumbe hao hawafundishwi kuwa wa kuabudiwa. Wana wivu, wananuna, wanatelekeza watoto wao. Mmoja, Dionysus, amewekwa kusimamia kambi ya watoto kwa adhabu na hata majina yao hayakumbuki. Mimi nilivyosoma, mtoto hatoki pale akitamani kuwasujudia. Anatoka akiwaonea huruma watoto wao.

Nami nimekulia chuoni. Nyumbani kwetu tulisoma *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, chenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe na ndugu waliogeuzwa manyani, na hakuna aliyechanganya hadithi na imani. Wanazuoni wa Baghdad walifasiri tiba ya Galen na falsafa ya Aristotle kutoka kwa Wagiriki hao hao. Tungo zao za miungu kwa sehemu kubwa waliziacha, na nadhani wangekuelewa. Lakini mwaka 1904 Sulayman al-Bustani aliitoa *Iliad* nzima, utenzi wa Mgiriki Homer wenye miungu hao hao, kwa mashairi ya Kiarabu kule Cairo, na wasomaji wa Kiarabu wakaipokea kama fasihi ya watu wa kale.

Ushauri wangu: soma wewe sura tano za mwanzo kabla hujasema lolote, halafu kaa na binti yako. Ukimnyang'anya bila kusoma, atajua hukusoma.

*

*Shikamoo Bibi. Niko kidato cha pili, Arusha. Kwenye kitabu Medusa ni mbaya tu. Ila nimesikia alikuwa msichana mzuri, Poseidon akamdhulumu hekaluni, halafu Athena akamwadhibu yeye badala ya Poseidon. Ipi ndiyo kweli? Na kama ndiyo hiyo, kwa nini tumshangilie mtoto wa Poseidon?*
Msichana wa Arusha

Marahaba, mjukuu wangu. Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa hiyo vumilia kidogo. Kwa ambao hawajasoma: Medusa ndiye yule mama mwenye duka la sanamu, na anayemtazama usoni hugeuka jiwe.

Hekaya za Wagiriki hazina msahafu mmoja. Kila mshairi alichukua kisa akakikata kwa kipimo chake. Hesiod, aliyetunga yapata mwaka 700 KK, anasema Gorgoni walikuwa dada watatu: Stheno, Euryale na Medusa. Wawili hawafi, Medusa peke yake anakufa. Poseidon alilala naye kwenye konde laini lenye maua. Hakuna hekalu, hakuna adhabu. Shujaa Perseus alipomkata kichwa, shingoni mwake akachomoka Pegasus, farasi mwenye mbawa. Ndiye huyo Perseus ambaye Percy kapewa jina lake. Wachoraji wa vyungu wa zamani nao walimchora Gorgoni wa kutisha kabisa, ana meno ya nguruwe mwitu na ulimi nje. Lakini Pindar, katika wimbo wa mwaka 490 KK, tayari anamtaja kuwa na mashavu mazuri. Uzuri wake ulikuwa umeanza kuingia katika masimulizi.

Hicho ulichokisikia wewe ni cha Ovid, na Ovid ni Mrumi, aliyeandika yapata miaka 700 baada ya Hesiod. Kwake Medusa alikuwa msichana wa kutamaniwa, fahari yake nywele zake. Mungu wa bahari akamdhulumu ndani ya hekalu la Minerva, yaani Athena. Na mungu huyo wa kike akazigeuza nywele zile nyoka. Katika utenzi huo wa Ovid wakubwa huwaponda wadogo ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 8 BK Kaisari Augusto alimfukuza Ovid mwenyewe Roma, akampeleka Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, na huko ndiko alikofia.

Ukiniuliza ipi ya kweli, nitakuambia zote ni za watu waliozisimulia. Ukiniuliza ipi yenye haki kwa Medusa, ni ya Ovid, kwa sababu inakufanya uulize ulichouliza.

Riordan alipita katikati. Kwake Poseidon na Medusa walikuwa wapenzi waliokutana katika hekalu la Athena, na Athena akakasirika. Anaandikia watoto wa miaka tisa, naelewa kwa nini alilainisha. Lakini pale naona amepita mbio. Medusa anazungumza kidogo, anadai kuonewa, kisha kichwa kinaanguka na safari inaendelea. Mfululizo wa televisheni ulioanza Desemba 2023 ulirudi hapo na kumpa mama huyo nafasi zaidi ya kujieleza, na ilistahili.

Kuhusu Percy: hatumshangilii baba. Soma tena mwisho, Percy anaposimama mbele ya Poseidon kwa mara ya kwanza. Kalelewa bila huyo baba, na kwa kuwa mwanawe kabebeshwa lawama za wizi. Hamkumbatii. Hajui hata amsalimieje. Na Annabeth, mwenzake wa safari, ni binti wa Athena yuleyule. Watoto hao wawili wamerithi ugomvi wasioufanya, na urafiki wao ndio jibu la mwandishi kwa swali lako, kama nimemwelewa sawasawa.

*

*Bibi, mimi nasoma darasa la sita Bukoba. Mlima Olympus upo kweli? Kwa nini kwenye kitabu uko juu ya ghorofa Marekani? Na kwa nini hakuna Waafrika?*
Kijana wa Bukoba

Mlima upo, mjukuu wangu, kaskazini mwa Ugiriki. Kilele chake, Mytikas, kina mita 2,918. Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895 inaupita kwa zaidi kidogo ya mara mbili. Kupanda kwa kwanza kunakojulikana hadi Mytikas kulikuwa Agosti 1913: mwindaji wa huko, Christos Kakkalos, aliwaongoza Waswisi wawili.

Kitabuni Olympus, makao ya miungu, uko ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State, ambalo kwa kweli lina ghorofa 102. Sababu anayoitoa Chiron ni kwamba miungu huhama pamoja na moyo wa ustaarabu wa Magharibi: jana Ugiriki, kisha Roma, leo Marekani. Mimi sababu hiyo haijaniingia kamwe. Moyo huo nani kaupima? Ni hila nzuri ya kumfanya mtoto wa New York aone hadithi mlangoni pake, na kama hila inafanya kazi. Kama historia, nyembamba.

Maana Wagiriki wenyewe hawakutusahau. Fungua *Iliad* ya Homer, kitabu cha kwanza: shujaa Achilles amekasirika, mama yake anataka kumwona Zeus, na Zeus hayupo. Amekwenda karamuni kwa Wahabeshi, na miungu wote wamemfuata, hawarudi mpaka siku ya kumi na mbili. Fungua *Odyssey*: miungu wanafanya kikao kuhusu Odysseus, Poseidon hayupo. Yuko wapi? Kwa Wahabeshi, anakula. Homer alimaanisha watu walio mbali kabisa, miisho ya dunia, na baadaye jina hilo likatulia kwa watu weusi wa kusini mwa Misri. Na Perseus, baada ya kumuua Medusa, alimwokoa Andromeda asiliwe na dude la baharini, akamwoa. Baba yake Andromeda ni Cepheus, mfalme wa Wahabeshi.

Kwa hiyo baba yake Percy alikuwa mgeni wa Afrika tangu mistari ya kwanza ya *Odyssey*. Hilo Riordan aliliacha mezani. Lichukue wewe.

*

*Bibi, tuanze na filamu au kitabu?*
Ndugu watatu, Dodoma

Kitabu. Filamu ya mwaka 2010 iliwapandisha watoto umri wakawa vijana wakubwa, na utamu wa mtoto wa miaka 12 aliyechanganyikiwa ukapotea. Mfululizo wa 2023 mwandishi mwenyewe alishiriki kuutengeneza, na watoto ni watoto. Huo tazameni baadaye.

*

*Bibi, shikamoo. Natunga riwaya ambayo Fumo Liyongo anarudi Lamu ya leo. Kaka yangu anasema naiga Wazungu. Nifanyeje isiwe kuiga?*
Mtunzi, Lamu

Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako kwamba Muhammad Kijumwa wa hapo hapo Lamu aliuandika utenzi wa Liyongo, shujaa wetu wa kale, mwaka 1913, na hakumsubiri Mmarekani. Wewe unaendeleza kazi ya jirani yako.

Lakini cha Riordan unaweza kujifunza ufundi. Angalia anavyofanya. Kila kiumbe wa kale anampa kazi ya leo inayotokana na tabia yake ya zamani. Medusa aliyegeuza watu mawe anauza sanamu. Procrustes, aliyewavuta au kuwakata wageni walingane na kitanda chake, ana duka la vitanda Los Angeles. Wale wa Homer waliokula ua wakasahau kwao amewageuza hoteli ya kamari Las Vegas, ambamo Percy anadhani amekaa muda mfupi, akitoka anakuta siku tano zimepita. Hakuna hata mmoja aliyeletwa kwa mapambo.

Sasa mtazame wako. Watu hukimbilia kusema Liyongo ni Achilles wa Waswahili, kwa sababu ya ile sindano ya shaba kitovuni, kitu pekee kilichoweza kumuua. Usiifuate njia hiyo. Homer hakusema lolote kuhusu kisigino cha Achilles, eti mahali pekee alipoweza kudhurika. Habari ya kuzamishwa mtoni utotoni ili asidhurike tunaikuta kwa Mrumi Statius, karne ya kwanza BK. Na kisigino cha Achilles kilipigwa na adui. Liyongo alichomwa usingizini na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Baada ya hapo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo, na mji mzima ukashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Wagiriki hawana kisa kama hicho. Hapo pana riwaya tayari: mtoto aliyeahidiwa kitu na wakubwa, na mji wenye kiu.

Shauri moja la kazi. Usianze na Liyongo mwenyewe, ni mkubwa mno kwa ukurasa wa kwanza. Anza gerezani alikofungwa. Kijakazi analeta chakula kila siku, askari wanakula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, na ndani ya wishwa ndimo mama yake alimoficha tupa. Jiulize leo hii Lamu nani husimama langoni akachambua kizuri akala, na nani hupitisha kikapu bila kutazamwa. Mpe msichana wa kikapu miaka 12, mpe macho makali, umwache asimulie yeye. Ukimaliza sura ya kwanza nitumie kwa anwani ya gazeti, nitaisoma yote na kalamu mkononi.